Tumbo Kujaa si Mwili Kushiba

YAMKINI wewe msomaji unaijua Voi kupitia dirisha la basi. Umetoka Nairobi usiku ama Mombasa asubuhi, basi limesimama dakika chache, nawe ukajinunulia chipsi za karatasini na soda baridi, kwani joto la Voi halina mzaha. Safari ikaendelea, ukala, tumbo likajaa, usingizi ukakuchukua. Jamaa waliokuja kukulaki wakikuuliza kama umekula, utajibu bila kusita kwamba naam, umekula.

Mwili wako ungekuwa na kinywa chake ungebisha. Katika mlo ule ulipata wanga, mafuta, chumvi na sukari, basi. Cha kujenga mwili ni kidogo mno, cha kuongeza damu karibu hakuna. Na linalostaajabisha zaidi ni kwamba uliyala hayo ukiwa umezungukwa na chakula bora kila upande.

Magharibi ya mji huo ndiko iliko milima ya Taita. Huko Wundanyi, Werugha na Mgange kuna ukungu na baridi, na wakulima hupanda kabichi, sukuma wiki, spinachi, nyanya na maharagwe. Ukiishika barabara ya Mwatate hadi karibu na mpaka wa Tanzania unafika Taveta, ambako chemchemi zenye asili yake Mlima Kilimanjaro hunywesha migomba, na soko la huko limepata jina kwa ndizi. Ziwa Jipe lina samaki. Nyanda za chini zina mbuzi na ng'ombe, kunde, pojo na mtama, na kandokando ya barabara kuu imesimama mibuyu ambayo hakuna aliyeipanda. Sehemu kubwa ya mavuno ya milimani na ya Taveta hupakiwa malorini ikapelekwa Mombasa, huku kijana wa Voi akiamkia andazi na chai ya rangi.

Sisemi haya kumcheka kijana wa Voi. Wa Kongowea na wa Githurai mambo yao ni yale yale. Tofauti ni kwamba Voi jambo hili linaonekana waziwazi: chakula kiko, watu wako, na mara nyingi havikutani.

CHUNGU CHA KIMANGA

Mtaita akikukaribisha kwa chakula cha kwao hasa, atakupikia kimanga. Kila nyumba ina namna yake, lakini kiini ni kimoja. Mihogo, viazi vitamu au ndizi mbichi huchemshwa na kuchanganywa na maharagwe, kunde au mbaazi, kisha vyote hupondwa kwa mwiko hadi vikashikana. Wako wanaotia na mahindi. Ni chakula kizito, na aliyekila asubuhi anaweza kupanda na kushuka vilima hadi alasiri bila kutafuta cha kutafuna.

Wapo watu wa mjini wanaokiona kimanga kuwa chakula cha ukata. Mgeni akibisha hodi sufuria inafunikwa, na mtoto anatumwa dukani mbio akalete mkate. Mimi naona hilo ni kosa la hesabu. Mkate mweupe na chai ni wanga juu ya sukari. Sufuria iliyofunikwa ina wanga na protini pamoja, na protini yenyewe si ya kudharauliwa.

Hebu tulieleze jambo hili polepole, kwa kuwa ndilo linalosahaulika sana. Fundi wa nyumba huhitaji mawe, mchanga, saruji na maji. Mawe yakijaa uwanja mzima na saruji ikawa mfuko mmoja, ukuta utakoma pale saruji ilipokwisha, na mawe yaliyobaki hayatasaidia kitu. Protini nayo imeundwa kwa vipande vidogo viitwavyo asidi za amino. Tisa kati ya hivyo mwili hauwezi kujitengenezea, ni lazima viingie kwa mdomo. Mahindi yana uhaba wa kimoja kiitwacho laisini. Maharagwe, kunde, mbaazi na pojo zina laisini ya kutosha, ila zimepungukiwa na kingine, methionini, ambacho mahindi yanacho. Ukivila pamoja, au hata katika siku moja, kila kimoja kinamfidia mwenzake, na ukuta unapanda.

Ndiyo maana pure, ambayo watu wa bara huiita githeri, ni chakula cha maana kuliko sura yake. Ndiyo maana pia wali kwa maharagwe unakaribia kufanya kazi ya nyama kwa gharama ndogo. Waliovianza vyakula hivi hawakusomea maabara yoyote. Walitazama ni watoto gani walionawiri.

Kimanga cha mihogo, hata hivyo, kinataka mpishi asiye mchoyo. Muhogo una nguvu nyingi lakini protini yake ni haba sana, kwa hiyo karibu kazi yote ya kujenga mwili imeachiwa maharagwe. Kimanga kikiwa cheupe mno, ujue maharagwe yamepunjwa. Na tahadhari moja ya kweli: mihogo, hasa ile michungu, ina sumu ya asili. Menya, kata vipande, loweka na uchemshe hadi iive barabara, kisha umwage maji yake. Usimpe mtoto muhogo mbichi wa kutafuna, hata akililia.

MASHAMBA YA NGAZI TATU

Wataita wa kale hawakuweka tegemeo lao lote katika shamba moja. Familia ilikuwa na kipande juu mlimani, kingine mteremkoni na kingine bondeni. Jambo hilo lina maana ukikumbuka kwamba Voi iko mita 600 hivi kutoka usawa wa bahari, ilhali kilele cha Vuria kinazidi mita 2,200, na yote mawili yamo katika kaunti moja. Mvua ikikosekana chini, huenda ikanyesha juu. Zao likiliwa na wadudu huku, liko jingine kule. Katika miaka ya 1880 ilipiga njaa kuu iliyobaki katika kumbukumbu zao kwa jina la Mwakisenge, na mafunzo ya namna hiyo hayapotei upesi.

Mashamba ya namna namna yaliwapa pia chungu cha namna namna. Leo mtu wa mjini ana shamba moja tu, nalo ni duka la jirani, na katika duka hilo zao lililo karibu na mkono ni unga wa mahindi. Anakula ugali Jumatatu, ugali Jumanne, na Jumatano akitaka kubadilisha anapika chapati. Amebadilisha mtindo, kundi la chakula ni lile lile.

HESABU YA MAKUNDI

Wanafunzi mliosoma Sayansi Kimu mnayakumbuka makundi matatu: vyakula vya kutia nguvu, vya kujenga mwili na vya kulinda mwili. Hesabu hiyo bado ni nzuri, na mama anayepakua chakula hahitaji kubwa kuliko hiyo. Sahani yenye ugali, pojo na mchicha imetimiza yote matatu.

Kwa anayetaka kujipima kwa ukali zaidi, wataalamu wa lishe wana kipimo cha makundi kumi, kilichotengenezwa kwa ajili ya wanawake walio katika umri wa kuzaa. La kwanza ni nafaka, mizizi na ndizi za kupika, zote zikiwa kundi moja tu. Kisha kuna jamii ya maharagwe, karanga na mbegu, maziwa, nyama na samaki, mayai, mboga za kijani kilichokoza, matunda na mboga zenye vitamini A kwa wingi kama embe, papai na karoti, halafu mboga nyinginezo na matunda mengineyo. Mwanamke aliyekula angalau makundi matano kwa siku ana matumaini mazuri ya kupata vitamini na madini anayohitaji.

Chukua kalamu sasa hivi, uandike ulichokula jana. Chipsi na soda ni kundi moja. Mkate, chai, ugali na kabichi ni makundi mawili, kwani tone la maziwa katika chai halihesabiki. Kimanga, mchicha, kipande cha embe na bilauri ya maziwa ni makundi matano, tena bila kipande cha nyama.

Penye tatizo sugu kabisa ni matunda na mboga. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau gramu 400 kwa siku, yaani kama mafungu matano yanayotosha kiganja. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba watu wazima 94 katika kila 100 nchini Kenya hawakuwa wakifikisha kiasi hicho. Na hii ni nchi ambayo embe huoza chini ya mwembe msimu ukifika!

Hapa niitaje mibuyu. Unga mweupe ulio ndani ya buyu una vitamini C kwa wingi na kalsiamu pia, na mti wenyewe hauhitaji mbolea wala mfereji. Kwa bahati mbaya wengi tunaujua ubuyu ukiwa umepikwa kwa sukari na rangi nyekundu, ule unaowaacha watoto na ndimi kama za kinyonga aliyekasirika. Huo ni peremende. Ubuyu mkavu usiotiwa rangi, ukiukoroga katika uji au maji safi, ndio wenye faida.

MBOGA ISIYOPIKWA IKAFA

Hata anayenunua mboga anaweza kuzipoteza jikoni. Vitamini C hukimbia majini na huharibiwa na moto mrefu. Kwa hiyo osha mboga kabla ya kuzikata, si baada. Zikate karibu na wakati wa kupika. Tumia maji kidogo, funika, na uziondoe zingali na rangi yake. Ukimwaga supu ya mboga umemwaga sehemu ya dawa. Mafuta kidogo hayana ubaya, bali yana kazi: vitamini A ya mboga na matunda huingia mwilini vyema pakiwa na mafuta. Kidogo ni kijiko au viwili kwa sufuria ya familia, si mboga zinazoogelea.

Wala usiitegemee sukuma wiki peke yake. Majani ya kunde, mchicha, mnavu, majani ya maboga na kisamvu yana madini ya chuma, kalsiamu na vitamini, na aghalabu huhimili ukame kuliko kabichi. Kisamvu, kama muhogo wenyewe, kitwangwe na kupikwa kikaiva kweli.

MTOTO MWENYE TUMBO NA ASIYEKUA

Mwanzoni mwa miaka ya 1930, daktari mmoja mzaliwa wa Jamaika, Cicely Williams, alikuwa akihudumu Gold Coast, ambayo leo ni Ghana. Aliona watoto wenye miguu iliyovimba, nywele zilizobadilika rangi na ngozi iliyobambuka, na ambao walikuwa wakilishwa uji wa mahindi kila siku. Aliwauliza akina mama ugonjwa ule waliuitaje. Wakamtajia neno la lugha ya Kiga ambalo maana yake ni ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa titi mwingine anapozaliwa. Mwaka 1935 aliliandika neno hilo katika jarida la madaktari, na ndilo tunalolitamka kwashakoo hadi leo.

Jambo ambalo Daktari Williams aliligundua linafaa kubandikwa kila jikoni: watoto wale walikuwa wakila. Uji ulikuwepo, tumbo lilijaa, na mwili ukawa unabomoka.

Kwashakoo yenyewe haionekani sana siku hizi, lakini ndugu yake wa kimyakimya yupo. Anaitwa udumavu. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 18 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 nchini Kenya ni wafupi kuliko umri wao unavyotaka. Kiwango hicho kilikuwa 26 mwaka 2014, kwa hiyo hatua imepigwa. Lakini udumavu hauonekani kwa macho ya mzazi. Mtoto anacheza, anacheka, na majirani wanasema amefuata ufupi wa babu yake. Athari zake hujitokeza darasani baadaye, na ukishampita umri wa miaka miwili ni vigumu sana kuyarudisha yaliyopotea.

Mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita, bila maji wala uji. Baada ya hapo aendelee kunyonya hadi miaka miwili au zaidi, huku akipewa chakula kizito kidogo, si kioevu kinachomiminika kama chai. Kimanga kilichopondwa laini, kikatiwa mafuta kidogo, ni chakula chema cha mtoto wa miezi minane, na yai lililoiva vizuri ni jema zaidi. Kuna mtindo umeenea wa kusaga wimbi, mtama, mahindi, soya, njugu na omena katika unga mmoja, eti uji uwe na kila kitu. Nia ni njema, lakini mchanganyiko huo ni mzito kwa tumbo changa, na baadhi ya viungo huzuia vingine visifyonzwe. Nafaka moja au mbili katika uji, kisha maziwa, na yai au maharagwe kwa sahani yake, yatosha.

Usiache pia kumpeleka kliniki kwa ajili ya kupimwa uzito hadi atimize miaka mitano, hata chanjo zikiisha. Huko kuna utepe wa rangi tatu unaozungushwa mkononi, juu ya kiwiko. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, mkono wenye mzunguko chini ya sentimita 12.5 ni onyo, na chini ya sentimita 11.5 ni hatari ya kutibiwa mara moja. Zahanati yoyote inaweza kukupimia. Si lazima usubiri hadi uende hospitali kubwa.

CHAI NA DAMU

Sasa niseme jambo ambalo halitawapendeza wengi. Chai yetu, tunayoipenda kuliko jamaa wengine, huzuia madini ya chuma yaliyo katika mboga na maharagwe yasiingie mwilini. Msichana wa sekondari anayepoteza damu kila mwezi, na ambaye hunywa chai pamoja na pure yake, hupata sehemu ndogo tu ya chuma kilichokuwemo sahanini. Kisha analalamika kwamba kichwa kinamzunguka na masomo hayaingii, na watu wakamwita mvivu.

Dawa si kuacha chai. Inywe kando, saa moja hivi kabla au baada ya chakula. Na chakula chenyewe kikamulie ndimu, au ukifuatishe na chungwa, pera au nyanya mbichi, kwa maana vitamini C hufanya kinyume cha chai: huisaidia damu kukipokea chuma. Kwa mama mjamzito hayo hayatoshi. Vidonge vya chuma na foliki anavyopewa kliniki avimeze vyote, asiviache kwenye kabati kwa kuwa vinamtia kichefuchefu. Malaria na minyoo nazo hula damu, hivyo neti ya mbu na viatu vya mtoto vinahusika na lishe kuliko watu wanavyodhani.

VIDOGO VINAVYOUA

Upande wa pili wa nyumba hiyo hiyo yenye mtoto mdumavu, huenda yuko mama aliyenenepa kupita kiasi na baba mwenye shinikizo la damu. Mwaka 2022, wanawake 45 katika kila 100 wenye umri wa miaka 20 hadi 49 nchini walikuwa na uzito unaozidi kiasi. Ule uchunguzi wa 2015 niliokwisha kuutaja ulikuta takriban mtu mzima mmoja katika kila wanne ana shinikizo la damu, na wengi hawakuwa wakijua.

Chumvi isizidi gramu tano kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kwa vyote: ya mboga, ya unga wa viungo vya pakiti, ya kachumbari na ile inayonyunyizwa juu ya chipsi bila kuonjwa. Iwe ni yenye madini ya iodini, nawe uifunike. Soda ya mililita 300 huwa na gramu 30 hivi za sukari, karibu vijiko saba au vinane vya chai. Hebu mwambie mtu akutilie vijiko vinane katika kikombe kimoja uone utakavyomtazama. Katika joto kama la Voi mwili unataka maji, na maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa yanatosha.

Kutembea nako kuhesabiwe. Nusu saa ya mwendo wa haraka kwa siku, siku tano kwa wiki, huteremsha shinikizo na sukari mwilini. Mkulima wa Sagalla hahitaji kuambiwa haya. Anayehitaji ni yule apandaye bodaboda kutoka stendi hadi sokoni.

MVUA NA NDOVU

Itakuwa dhuluma kuzungumza kana kwamba kila mtu anakosa lishe kwa kukosa maarifa. Mbuga za Tsavo zimechukua asilimia 62 hivi ya eneo la kaunti ya Taita Taveta, na ndovu hawasomi ramani. Mkulima analima, anapalilia, na usiku mmoja kundi linapita na kumaliza mahindi ya msimu mzima. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo katika maeneo kame ya Kenya, na kaunti hii ni mojawapo ya hizo kame. Kumhubiria mtu wa Kasigau makundi kumi katika mwaka kama huo ni kumtonesha kidonda.

Ila hata katika dhiki kuna chaguo. Pojo na kunde hukomaa mapema kuliko mahindi na hustahimili jua. Maharagwe makavu hukaa miezi mingi bila friji. Kuku wawili watatu uani hutoa mayai. Na kidogo kilichovunwa kilindwe: mahindi yakaushwe barabara kabla ya kuhifadhiwa, kwani ukungu huzalisha sumu ya aflatoksini ambayo haiondoki kwa kupikwa. Mwaka 2004 sumu hiyo iliwapata watu 317 katika wilaya za mashariki ya nchi, hasa Makueni na Kitui, na 125 kati yao wakafa. Makueni ni jirani. Ukitoka Voi kwenda Nairobi unaingia Mtito Andei tayari uko huko. Mahindi yenye ukungu usimsagie mwanao, wala usimpe kuku.

Kuhusu unga, mara kwa mara watu hubishana kama bora ni wa pakiti au wa posho. Tangu 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa mahindi na wa ngano wa viwandani utiwe vitamini na madini, na mafuta ya kupikia yatiwe vitamini A. Unga wa posho wa kinu cha mtaani aghalabu hauna nyongeza hizo, lakini ukisagwa bila kukobolewa unabaki na kiini na maganda yake, ambamo mna mafuta, nyuzi na sehemu ya madini. Mimi ningekuwa na pesa za mifuko miwili ningeweka yote miwili.

KWA MWANAFUNZI MWENYE STOVU MOJA

Ninyi mnaosoma katika Chuo Kikuu cha Taita Taveta, na wenzenu waliopanga vyumba Kisauni, Ruaka au Kahawa, msiseme haya ni ya wenye jiko kubwa. Loweka maharagwe usiku. Asubuhi mwaga maji hayo, uyachemshe kwa maji mapya, nayo yataiva upesi na kupunguza gesi tumboni na mafuta ya stovu pia. Tenga sehemu ya chakula cha jioni. Nyingine ichanganye na viazi vitamu, uponde, nayo ni kimanga cha kiamshakinywa. Kwa kuwa huna friji na joto ni kali, usilaze maharagwe yaliyopikwa zaidi ya usiku mmoja, na asubuhi uyachemshe tena hadi yatokote, si kuyapasha tu.

Pesa za soda mbili mara nyingi hununua fungu la mchicha na ndizi kadhaa. Omena wa kopo moja, waliokaushwa vyema, wanaweza kugawanywa katika milo mitatu na hawahitaji barafu. Uwaoshe kwa maji moto, uwakaange na kitunguu na nyanya. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kuanza. Chai subiri nayo kidogo. Ndimu utakayoikamua mwishoni, sufuria ikishaondoka motoni, moja yatosha kwa watu wawili.